Nisimulie hiyo picha

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipobaki peke yangu na ile kamera ni kuipima uzito. Ghalani kwetu kuna mizani ya sampuli, ile tunayopimia kilo moja ya korosho kabla ya kuikata. Nikangoja wenzangu waende kula, nikatandika kanga juu ya sahani ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaiweka kamera pamoja na lenzi yake ya 24-70, yaani inayovuta kutoka milimita 24 hadi 70. Kilo 1 na gramu 638. Kilo moja ya korosho naijua hata ukinifumba macho, maana huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kazi hii. Lakini kitu cha kilo moja na nusu kinachofanya mikono itetemeke sikuwahi kukishika.

Ni Canon EOS R5. Ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 3,899 huko Marekani, bodi tupu bila lenzi. Kwenye begi ilifuatana na lenzi tatu: hiyo 24-70 ambayo tundu lake la kuingizia mwanga linafunguka mpaka 2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), nyingine ndefu ya 70-200, na moja nene, nzito, ya 85, ambayo tundu lake linafunguka mpaka 1.2. Flashi moja, betri nne, kadi, na puto la mpira la kupulizia vumbi. Kabla ya hapo kamera yangu ilikuwa simu. Nilipiga Idi, nilipiga watoto wa dada yangu, nilipiga korosho mbovu ili msimamizi asiseme nimemsingizia mkulima.

Vyote hivyo ni vya Mjomba. Alipiga picha za harusi Dar es Salaam tangu enzi za filamu, na sasa haoni. Ana presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni na kukuachia katikati pakiwa pazuri, kwa hiyo mtu anaweza kukaa nao miaka bila kujua. Yeye aliambiwa na picha zake mwenyewe. Mteja alirudisha albamu akilalamika kwamba kwenye kila picha ya familia kuna shangazi aliyekatwa bega au mtoto aliyebaki nusu, na wote ni wa upande wa kushoto. Mjomba akazitazama, akaona mteja anasema kweli, akakumbuka kwamba wakati anachungulia kwenye kamera wale watu hakuwaona kabisa. Alipofika hospitali mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeharibika sana, na kilichoharibika hapo hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki. Leo anatofautisha mwanga na giza, basi. Ugonjwa huu unafuata ukoo. Mimi nimeshapima, na wewe unayesoma hapa, kama una mzazi, mjomba au ndugu wa tumbo moja mwenye nao, nakuomba nenda ukapime hata kama unaona vizuri leo.

Sisi ni Wamakonde, na ukoo tunauhesabu kwa mama. Mjomba ana watoto wake, wana kazi zao, na baadhi ya ndugu walishauri vifaa viuzwe ili fedha igawanywe. Akasema haviuzwi, vinakwenda Mtwara kwa mtoto wa dada yake anayekata korosho. Nilimuuliza kwa nini mimi.

“Kwa sababu wewe unalipwa kwa kutazama,” akanijibu.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: korosho za chama cha msingi cha wakulima zikifika ghalani tunachota sampuli, tunapima kilo moja, tunahesabu punje, halafu tunazikata katikati moja moja. Ndani unakuta nyeupe safi, yenye madoa, iliyosinyaa, iliyooza. Kila kundi linakwenda kwenye sahani yake, linapimwa, na hesabu inatoa paundi ngapi za korosho nzuri utapata kwenye gunia la kilo 80. Paundi 50 mkulima anatabasamu, paundi 44 anabishana, na ana haki ya kubishana kwa sababu bei yake imekaa hapo. Siku nzima ni kukata, kutazama, kuamua. Kwa hiyo ni kweli nilikuwa natazama. Ila sikuwahi kujiuliza natazama kwa mwanga gani.

Miezi minne kamera haikutoka kwenye ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa agizo la Mjomba. Mtwara ni pwani, hewa ina maji na chumvi, na lenzi ikikaa kwenye unyevu inaota ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ambazo kitambaa hakizifikii. Hilo halikunishangaza. Korosho nayo ikizidi unyevu wa asilimia 10 inaota ukungu ghalani, na ukiingia mrundo wa magunia ya namna hiyo pua inakwambia kabla ya kipimo. Basi nikanunua ndoo ya plastiki ya mfuniko unaobana, nikaweka ndani chembechembe za silika za rangi ya chungwa na kipimo kidogo cha unyevu, mshale nataka ukae kati ya asilimia 40 na 50. Chembe zikishiba maji zinageuka kijani. Nazimwaga kwenye sufuria kavu juu ya jiko lenye makaa machache, nje uani, mpaka rangi ya chungwa irudi. Kuna aliyenishauri niweke mchele badala yake. Mjomba alikataa palepale: mchele una vumbi, na vumbi ndilo tunalolikimbia.

Lakini siwezi kusingizia unyevu kwa miezi minne yote. Niliogopa. Kila nikifungua mfuniko nawaza bei yake, nawaza nyumba ambayo mama alisema ingesimama kwa fedha zile, nafunga.

Aliyevunja hofu ni Mjomba kwa kupiga simu kila Ijumaa na swali lilelile. “Umepiga nini?” Nikichelewa kujibu anasubiri tu. Ijumaa ya mwisho sikuweza tena kusema bado, nikamwahidi Jumapili.

Jumapili nikaenda ufukweni Shangani kabla jua halijatoka. Wasichokwambia kuhusu kamera kama hii ni kwamba inaweza kupiga picha 20 kwa sekunde moja bila mlio wowote, na kwamba kidole cha mgeni hakijui kuachia. Niliporudi nyumbani kadi ilikuwa na picha 412. Nilipiga kwa RAW, faili ghafi ambazo kamera haijazibana, kama ilivyokuja imepangwa, kila faili karibu megabaiti 45, na kompyuta yangu ya mkopo ilichukua nusu ya asubuhi kuzimeza. Zilionekana nzuri sana. Kila chembe ya mchanga inahesabika. Nikampigia jioni nikiwa nimejaa furaha.

“Shikamoo Mjomba.”

“Marahaba, mama. Umepiga?”

“Nimepiga mia nne na kumi na mbili!”

“Chagua moja. Nisimulie.”

Nikachagua ile niliyoipenda. “Kuna bahari. Kuna mtumbwi. Jua linachomoza.”

“Hayo ni majina ya vitu. Mimi nimekwambia nisimulie hiyo picha.”

Nikanyamaza.

“Mwanga unatoka wapi?”

“Kwenye jua, Mjomba.”

“Jua lenyewe liko wapi? Mbele yako, mgongoni, ubavuni? Kwenye huo mtumbwi limeshika nini? Kivuli kimelala wapi?”

Nikaikodolea macho skrini. Jua lilikuwa mbele yangu, mtumbwi ulikuwa doa jeusi lisilo na mbavu wala kamba, na mtu aliyekuwa ndani yake, ambaye nilimsalimia kwa mdomo wangu asubuhi ile na akanijibu, alikuwa sehemu ya hilo doa. Kivuli chake kilikuja moja kwa moja kwangu juu ya maji, na sikukiona mpaka nilipoulizwa. Nilijaribu picha ya pili, nikajaribu ya tatu. Katika picha 412 hakuna hata moja niliyoweza kumpa mtu asiyeiona.

Mjomba hakunikemea. Alinipa masharti. Mwezi mzima picha kumi tu kwa siku. Lenzi moja, ile 24-70, nayo niifunge kwa plasta ya dawa kwenye gurudumu lake isitoke kwenye 50. Na kila jioni nimsimulie moja kwa simu, naye anaruhusiwa kuuliza, mimi siruhusiwi kusema “yaani ungeiona”.

Watu mtaani, hapa Chuno, wakiiona wanasema kamera kama hiyo inapiga yenyewe. Naelewa kwa nini wanasema. Kweli inajua kutafuta jicho la mtu, la mbwa, la paka, la ndege, na kuling'ang'ania hata mtu akigeuka. Mikono ikitetemeka inatuliza picha. Giza kidogo haliisumbui. Lakini haikusaidii kusimama mahali sahihi, wala haikwambii huyu mtu umemwendea kwa nini. Kwa simu nilikuwa nafichwa na udogo wa simu: picha ikiwa haina kitu, nasema ni simu. Sasa picha ikiwa haina kitu, hakuna pa kusingizia.

Kwa yale masharti ndipo nilipoanza kuuona mwanga wa kwetu. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mwezi wa kumi jua la saa sita linakaa utosini kabisa. Vivuli vinajikunja chini ya miguu, macho ya watu yanazama kwenye mashimo meusi chini ya paji, paa za bati zinachoma picha. Jioni nayo haikusubiri. Nchi za mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari, taratibu. Kwetu linadondoka wima, na ule mwanga laini wa dhahabu unaupata kwa dakika chache tu, ukifungua begi umekwisha. Kwa hiyo nilijifunza kufika mapema na kukaa. Nilijifunza pia kivuli cha mkorosho, kizito na kipana, ambacho kinafika karibu na ardhi. Ukimkalisha mtu pembeni mwake, uso ukielekea uwanja wazi, saa sita ya mchana inakuwa mahali pa kufanyia kazi.

Mwezi wa kumi na moja, msimu umepamba moto, niliomba ruhusa ya msimamizi nipige korosho niliyoikata. Ni kitu ninachokijua kuliko uso wangu. Ukiipasua katikati, pembeni kabisa kuna ganda la rangi ya vumbi, na ndani ya unene wa ganda vitundu vitundu vyenye mafuta meusi yanayong'aa, yale yanayobabua vidole mpaka ngozi inachubuka. Halafu ngozi nyembamba ya rangi ya kutu. Halafu punje yenyewe, imejipinda kama figo, nyeupe ya maziwa, na katikati ya nusu zake mbili kuna mwanya mdogo kama mdomo uliofumba vibaya. Nilinawa mikono kwa majivu na sabuni mara mbili ndipo nikagusa kamera. Nikaiweka korosho juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha la ghala, nikapiga.

Ikatoka ya kijivu. Karatasi ya kijivu, punje ya kijivu kama imelala kwenye maji siku tatu. Ingekuja mezani kwangu ningeitupa daraja la pili.

“Kamera haijui korosho,” Mjomba alisema nilipomsimulia. “Kipimo chake cha mwanga kinataka kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, kitoke kijivu cha wastani. Ukikipa nyeupe tupu kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Ukikipa nyeusi tupu kinadhani pana giza, kinaongeza. Wewe ndiye unayejua hiyo ni nyeupe. Kiambie.”

Kukiambia ni kuzungusha gurudumu moja tu. Nikapiga korosho ileile mara kadhaa, kuanzia chini ya kipimo mpaka hatua mbili juu (kila hatua inazidisha mwanga mara mbili), nikazipanga kwenye skrini kama tunavyopanga sahani. Hatua moja na theluthi juu, punje ikawa nyeupe na bado naona mishipa yake midogo. Hatua mbili, ukingo wa juu ukaungua, ukawa weupe usio na kitu ndani. Kati ya hizo mbili ndipo palipo na uamuzi, na nilishangaa jinsi ulivyofanana na uamuzi ninaoufanya kila siku kati ya nyeupe na yenye doa. Jioni ile ndiyo ya kwanza Mjomba kusema, “Hiyo nimeiona.”

Akaendelea kunieleza jambo ambalo silisahau. Enzi za filamu za rangi, maabara za kusafishia picha zililinganisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Waliziita kadi za Shirley. Rangi ikimkaa vizuri yule mwanamke, mashine iko sawa. Mjomba alipeleka filamu za maharusi weusi, bibi harusi ndani ya shela jeupe, akarudishiwa shela safi na uso usio na umbo, na akilalamika anajibiwa mashine iko sawa. Akajifunza kumpima bibi harusi usoni, si kwenye shela. “Mimi nilipigana na karatasi,” akasema. “Wewe huna sababu. Chombo ulichonacho kinabeba vyote viwili, uso na shela, mradi umekitazamia.” Tangu siku hiyo sioni kama ni jambo dogo mtu wetu akitoka kwenye picha akiwa na rangi yake.

Kosa kubwa nililifanya Desemba. Dada mmoja wa ghalani alikuwa anaolewa Magomeni ya hapahapa Mtwara, akaniomba nimpigie, bure, kwa kuwa vifaa vyangu ni vya wakubwa. Nilitoa ile lenzi ya 85, kwa sababu ya uzuri wake tu. Ukiifungua 1.2 nyuma ya mtu panayeyuka, uso unabaki peke yake. Nikapiga kila kitu hivyo, mpaka picha ya ukoo: watu 17, safu tatu, wazee nyuma, maharusi katikati, watoto wamekaa mkekani. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilionekana safi. Usiku kwenye kompyuta nikaikuza. Maharusi wameshika vizuri kope kwa kope. Wazee wote wa nyuma ni ukungu. Watoto wa mbele ni ukungu.

Nilikaa na ile picha mpaka saa nane usiku. Wageni walikuwa wameshapanda magari kurudi Newala, Masasi na Nachingwea. Ukoo ule hautakusanyika tena vile. Nilikwenda kwa yule dada asubuhi, nikamwonyesha mwenyewe kabla hajaniuliza, nikaomba radhi kwake na kwa mama yake. Walinisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahili.

Mjomba hakunibembeleza. Alinitajia hesabu, nikaiandika. Lenzi ya 85 kwenye 1.2, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, kinachokaa sawasawa ni kina cha sentimita 2 tu: jicho limo, sikio halimo. Kwa mita sita, umbali niliosimama siku ile, ni kama sentimita 36, na safu tatu za watu zinataka zaidi ya mita moja. Ningefunga tundu mpaka 8 ningepata zaidi ya mita mbili na wote wangekuwemo. Mwanga ulikuwepo, saa kumi jioni uwanjani, tele. “Tundu pana si daraja la juu,” akasema. “Ni upanga. Unakata nalo kila usichokitaka. Wewe umewakata wazee.” Lenzi ikarudi kwenye ndoo, ikakaa humo mpaka nilipoweza kumwambia, kabla sijainua kamera, ukali unaanzia kwa nani na unaishia kwa nani.

Mengine niliyajifunza kwa haraka na nayataja kwa haraka. Kutoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje kunaifanya lenzi itoe jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kwanza. Ukibadilisha lenzi ufukweni, kamera iangalie chini na upepo uwe mgongoni kwako. Hii R5 unaweza kuipanga ifunge pazia lake la ndani kila ukiizima, ifunge. Doa jeusi linalorudi mahali palepale angani kwenye kila picha ni vumbi la ndani, na linajionyesha zaidi ukifunga tundu kwenye 11 au 16.

Kuhusu watu, nilichukua muda mrefu zaidi. Simu haimtishi mtu. Kitu cheusi chenye jicho kubwa kinatisha. Pale Feri, kwenye samaki, siku ya kwanza mama mmoja aliniuliza nimetumwa na ofisi gani, mwingine akajifunika kanga uso, na mzee mmoja akaniambia bila ukali, “Mwanangu, picha zetu zinakwendaga wapi?” Sikuwa na jibu. Nikafunga begi. Nikarudi siku nyingine bila kamera nikanunua dagaa, nikarudi tena, nikasalimia hadi nikajulikana ni binti wa korosho wa Chuno. Picha ya kwanza pale Feri niliipiga mwezi wa pili, na kabla ya kuipiga niliahidi kuileta imechapishwa. Niliileta. Sasa swali la yule mzee ninalo jibu lake.

Mwezi wa pili huohuo nilikwenda Mikindani kwa Bibi. Ni mdogo wake bibi mzaa mama, kwa hiyo kwa Mjomba ni mama mdogo, na ndiye aliyemlea. Amepita miaka themanini. Wageni wakifika Mikindani wanapanda kwenda Boma, jumba la Wajerumani la mwaka 1895, na ni jumba zuri. Mimi nilikata uchochoroni chini, ambako nyumba zimesogeleana na ukuta wa chokaa wa jirani unamrudishia Bibi mwanga mlangoni kwake asubuhi nzima.

Bibi ana chale usoni, zile za Kimakonde za zamani, dinembo. Pembe juu ya pembe, mashavu yote mawili, zikishuka kuelekea kidevuni. Zilichanjwa akiwa msichana na kupakwa masizi. Wasichana wa leo hawachanjwi, na uso kama ule haupatikani tena ukiondoka.

Nilianza na flashi, kwa kuwa ndani pana giza. Uso ukatoka bapa. Chale zikawa rangi tu, bluu hafifu kama wino uliofuliwa, kwa sababu mwanga uliotoka usawa wa jicho langu uliingia kwenye kila mfereji na kufuta kivuli chake. Nikaizima. Nikamwomba Bibi asogeze kigoda, hatua moja ndani ya kizingiti, mlango ukiwa kushoto kwake. Akasogea, akaendelea kusuka ukili wake. Na pale, bila mimi kufanya lolote, chale zilisimama. Mwanga ulikuja kwa ubavu, ukapanda ukingo wa kila mchanjo na kuacha upande wake wa pili mweusi, pembe moja baada ya nyingine, kama matuta ya shamba jua linapochomoza. Tundu 4, shata, yaani muda wa pazia kufunguka, sehemu moja ya 125 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, 800, nikapunguza theluthi mbili za hatua kwa kuwa lile giza la chumbani lingeipumbaza kamera ipandishe uso. Nikapiga picha tisa. Ya sita ndiyo.

Jioni nikamsimulia Mjomba. Nikaanza na mlango, nikasema kushoto, nikasema ukuta wa chokaa, nikasema mikono ya Bibi iko chini kwenye kivuli na ukili unatoka humo kuja kwenye mwanga. Nikamfikisha kwenye shavu. Nikahesabu pembe kwa sauti kutoka sikioni.

“Ya tatu,” akanikatiza. “Imekatika katikati?”

Sikuiona hivyo. Nikaikuza picha, nikaendelea kuikuza. Kamera ina megapikseli 45, unaweza kuingia kwenye shavu la mtu kama unaingia chumbani. Mstari wa tatu unafika nusu, unaacha ngozi nzima upana wa punje ya mchele, kisha unaendelea.

“Imekatika, Mjomba.”

“Alitingishika wembe ulipofika hapo. Alinisimulia mwenyewe. Nikiwa mdogo akinipakata nilikuwa naipitisha kidole.” Akakaa kimya kitambo. “Endelea. Umeishia ya tatu.”

Niliichapisha picha ile kubwa, nikampelekea Bibi. Aligusa karatasi, kisha akagusa shavu lake, akaiita kwa jina la dada yake, ambaye ni bibi yangu, aliyekwisha kufa. Imening'inia juu ya kitanda chake.

Mwezi wa sita Mjomba alikuja. Kusi lilikuwa linavuma, asubuhi zina baridi kidogo. Alisafiri siku nzima kwa basi kutoka Dar, akalala kwetu Chuno, kesho yake akataka Mikindani. Nilimkalisha nje, kwenye baraza ya Bibi, nikatoa ile lenzi ya 85 kwenye begi kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Aliposikia mlio wa kuifunga kwenye bodi akatabasamu, anaujua.

“Jua liko shavu langu la kushoto,” akasema. “Bado halijapita paa.”

“Ndiyo.”

“Kivuli kimelala wapi?”

“Upande wa kulia wa uso na chini ya taya, kinashuka mpaka kwenye kola. Jicho la kulia liko ndani yake, lakini naliona.”

“Tundu?”

“Mbili na nusu kwenda tatu. Ukali uanzie puani uishie nyuma kidogo ya jicho. Sikio nalikata.”

“Likate. Nyuma yangu kuna nini?”

“Ukuta. Na kanga ya Bibi, imeanikwa.”

“Rangi?”

“Nyekundu.”

“Iondoe. Itanizidi nguvu.”

Nikaweka kamera shingoni, nikazunguka, nikaianua kanga, nikamkabidhi Bibi mlangoni. Niliporudi mahali pangu jua lilikuwa limesogea, na Mjomba alikuwa ameshageuza kichwa kulifuata.